Mama Halisi na Faili Lililofichwa

Mimi naitwa Kabati. Si jina nililopewa na wazazi. Wanafunzi ndio walionibandika, kwa sababu ukiingia kwenye kitengo chetu cha ufadhili wa masomo unanikuta nimekaa kule nyuma, makabati ya chuma kulia, makabati ya chuma kushoto, na mimi katikati nikitunza mafaili. Basi sawa, nimeshaitwa mabaya zaidi. Leo lakini sitaki kujizungumzia mimi, ingawa huko mbele nitalazimika. Nataka kumzungumzia dada mmoja niliyetazamana naye meza kwa meza kwa miaka kumi na mmoja, yule ambaye chuo kizima kilimwita Mama Halisi.

Jina lake nalo lilizaliwa dirishani. Mwanafunzi akipitisha karatasi chini ya kioo, yeye hata haisomi kwanza. Anaipapasa kwa kidole gumba, anaigeuza nyuma, kisha anauliza, "Halisi iko wapi?" Maana alichopewa ni nakala, kivuli tu cha mashine.

"Mama, halisi iko nyumbani."

"Basi na ufadhili wako uko nyumbani. Nenda ukavichukue vyote viwili kwa safari moja."

Mstari mzima unacheka, isipokuwa yule aliye mbele.

Weee, mwanamke yule alikuwa hamwamini mtu! Dukani anahesabu chenji mara tatu, halafu anamwomba muuzaji naye ahesabu. Nyumbani kwake mlango mmoja una kufuli tatu za kampuni tatu tofauti, ati mwizi akiijua moja asizijue nyingine. Na wanasema, yeye mwenyewe hakuwahi kukanusha, kwamba mume wake alipoleta posa aliambiwa alete na barua ya mwajiri. Masikini akaileta, akidhani ni utani wa wachumba. Siku ya pili Mama Halisi akampigia simu huyo mwajiri. Siku ya tatu akaenda mwenyewe kuliona jengo. Nilipomuuliza kama ni kweli alinijibu huku anagonga pini kwenye karatasi, "Na je, lisingekuwepo?"

Hakuzaliwa hivyo, jamani. Mwaka wake wa kwanza kazini alikuwa na huruma za kijinga, kwa maneno yake mwenyewe. Alikuja kijana mmoja na cheti cha kifo cha baba yake, analia kwikwi, na yeye akalia naye, akamwandikia maoni mazuri mpaka kijana akapewa ufadhili wa yatima. Siku ya mahafali akaja mzee mmoja wa suti, anacheka, akamshika mkono kumshukuru kwa kumsomeshea mwanawe. "Marehemu alinishika mkono, Kabati," alikuwa akinisimulia. "Na mkono wenyewe ulikuwa wa moto kabisa." Alipewa barua ya onyo kwa kosa lile. Barua hiyo aliihifadhi kwenye bahasha ya plastiki, na kila mfanyakazi mpya alionyeshwa siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo kilipo.

Mimi nilionyeshwa. Na yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Mtu akiongea sana, mwangalie mikono. Mtu akilia kabla hujamuuliza kitu, mpe kiti ila usimpe jibu. Na faili likikosekana kwenye kabati, usipoteze muda kuuliza liko wapi, uliza nani anafaidika lisipoonekana. Nilimeza yote hayo kama dawa. Nilikuwa mwanafunzi mzuri kuliko hao wanaokuja dirishani.

Sasa nieleze kidogo kazi yetu, maana watu wengi wanadhani ufadhili ukishaupata umeupata. Thubutu! Kuupata ni mwanzo wa shughuli. Kila muhula mwanafunzi anatakiwa aje mwenyewe, kwa miguu yake, atie saini mbele yetu. Asimtume rafiki wala pacha. Wastani wake wa maksi usishuke chini ya kiwango. Asibadilishe kozi wala kuahirisha masomo bila kutuarifu. Hali ya kwao ikibadilika, mzazi akipata kazi au akipoteza, aseme. Na kuna sharti moja dogo ambalo limewaliza wengi kuliko mitihani: awe na masomo yasiyopungua matano kwa muhula. Mwenye manne anahesabiwa kuwa anasoma nusu, na ufadhili wetu ni wa wanaosoma kamili. Huyo husimamishwa hata kama masomo yote manne kayapasua kwa maksi za juu.

Kwa hiyo wapo wanaofukuzwa na uvivu, na wapo wanaofukuzwa na uangalifu wao wenyewe. Yule binti alikuwa wa hao wa pili.

Alikuja wiki ya tatu ya muhula. Mwaka wa tatu, sayansi ya maabara, koti jeupe amelikunja mkononi vizuri kama mtu aliyekopeshwa. Alibakiza mwaka mmoja tu amalize. Mama yake, mfagizi wa hospitali, ndiye aliyekuwa mzazi pekee, na mwanzoni mwa muhula alilazwa hospitali ileile anayoifagia. Binti akakaa naye wodini wiki mbili. Aliporudi akakuta jaribio la takwimu limefanyika, na katika lile la pili akapata nusu maksi. Mimi hayo niliyajua baadaye. Siku hiyo nilimwona tu anainama kwenye kitundu cha dirisha.

"Shikamoo mama. Samahani, nikiacha somo moja, ufadhili wangu utaguswa?"

Mama Halisi akainua macho. "Nani kakutuma?"

"Sijatumwa, mama."

"Kwa nini unataka kuacha somo?"

"Mwalimu wa takwimu amenishauri. Anasema nikifeli, wastani utashuka na nitakosa ufadhili. Bora niliache sasa, nilirudie mwakani."

"Mwalimu wako ameanza lini kufanya kazi kwenye kitengo chetu?"

Muhula ule, nisiwafiche, tulikuwa tumechafukwa. Kulikuwa na kikundi cha wanafunzi waliokuwa wakisubiri ufadhili uingie, halafu wanaacha masomo kimyakimya na kwenda kufanya kazi mjini. Kabla ya kuacha walikuja kwanza dirishani na maswali ya upole kama hilo, wanapima kina. Mama Halisi akamwona binti ni mmoja wao.

"Kanuni zote zimebandikwa kwenye ubao wa matangazo," alisema. "Unajua kusoma? Kasome."

Mimi nilicheka kule nyuma. Nikasema, tena kwa sauti, "Kaja kuchungulia huyo."

Binti akaenda ubaoni. Akasoma. Ukurasa wa kwanza wa kanuni ulikuwa wazi, na ulizungumzia wastani wa maksi. Ukurasa wa pili, wenye lile sharti la masomo matano, ulikuwa umefunikwa na tangazo la kwaya, na juu ya kwaya tangazo la mtu aliyepoteza miwani. Akasoma alichokiona, akaridhika, akaenda kuliacha somo la takwimu. Akaulinda wastani, akabaki na masomo manne.

Wiki ya saba ikatoka orodha ya wenye masomo pungufu. Majina kumi na saba. Mama Halisi ndiye aliyeipokea, na nilimwona anashuka nayo kwa kalamu jina baada ya jina kama kawaida yake, kisha kalamu ikasimama. Akanyanyuka, akatoka nje mpaka kwenye ubao wa matangazo, akarudi ameshika tangazo la kwaya mkononi. Sikuelewa. Nikajisemea, leo huyu mama kaamkia wapi?

Utaratibu wa kusimamisha ufadhili ni huu. Mimi natoa mafaili ya wote walio kwenye orodha, nayafunga katoni moja, Jumatatu yanapanda ghorofani kwa mkuu wa kitengo, naye anagonga mhuri faili baada ya faili. Bila faili hakuna mhuri. Sheria hiyo ilianza mwaka ambao mkuu alimsimamisha mwanafunzi asiye na kosa kwa sababu alifanana majina na mwenye kosa. Mama wa mwanafunzi akaja, akakalia kiti cha mkuu, akakataa kunyanyuka mpaka saa nane mchana. Toka hapo mkuu hagongi kitu bila kuona picha ya mtu.

Jumatatu ile nikatoa mafaili kumi na sita. La kumi na saba halikuwepo. Na anayetoa faili kabatini lazima aache kadi yenye saini yake mahali palipokuwa na faili. Pale palikuwa na uwazi tu, hakuna kadi.

"Moja halipo," nikatangaza. "La yule binti wa maabara."

Mama Halisi hakuinua kichwa. "Litafutwe," akasema.

Basi! Neno moja! Mwanamke ambaye pini ikipotea anapindua ofisi nzima, leo faili zima limeyeyuka na yeye anasema litafutwe, kama anaagiza chai. Machale yakanicheza hapohapo. Nani anafaidika lisipoonekana? Binti, bila shaka. Na nani amemsaidia?

Mkuu akaandika pembeni ya jina, *faili linatafutwa*, akatupa mpaka Ijumaa saa kumi jioni.

Nikaanza kumwangalia. Nilivaa miwani ya mbao, najifanya sioni, kumbe macho yote yako kwake. Jumanne wakati wa mapumziko ya mchana, dirisha limefungwa, akatoka na mkoba wake, jambo asilolifanya, maana huyu hula mezani huku anakagua saini. Nikachukua chupa yangu ya maji nikamfuata kwa mbali. Pale chini ya ngazi alisimama na yule binti. Binti akatoa bahasha ya kaki, nene, akampa kwa mikono miwili. Mama Halisi, ambaye hakuwahi kupokea hata pipi kutoka kwa mwanafunzi, akaisukumiza mkobani haraka haraka na kuangalia nyuma. Nikajibanza kwenye mlango wa choo. Moyo ulikuwa unanidunda, na nisiseme uongo, ulikuwa unadunda kwa furaha. Miaka yote ananifundisha kunusa, leo nimemnusa yeye.

Jumatano nikamsikia koridoni ananong'ona kwenye simu. "Ijumaa iwe lazima. Mimi sehemu yangu nimeshafanya. Ukichelewa, tumekwisha." Ala! Mnataka nifikirie nini?

Alhamisi asubuhi aliitwa uhasibu, akaacha ufunguo umening'inia kwenye droo. Nikafungua. Chini ya sweta lake la kijivu, faili la binti lilikuwa limelala.

Ningeweza kumuuliza. Hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Ningemsubiri arudi, nikamwambia, dada, nimeona faili kwenye droo yako, kuna nini? Sentensi moja tu. Miaka kumi na mmoja tumekula pamoja, mke wangu alipojifungua alikuja kutusaidia nyumbani siku tatu. Lakini nilijua atanidanganya, kwa sababu hivyo ndivyo tulivyokuwa tunajua kuhusu watu wote. Na kuna kijiwivu pia, niseme tu. Yeye alipandishwa cheo mwaka wa jana, mimi nikaambiwa nivute subira.

Nikapanda kwa mkuu.

Mkuu wetu si mtu mbaya. Ana ugonjwa wa presha na miwani inayokaa kwenye paji la uso kuliko machoni. Alinisikiliza, akashusha pumzi, akasema, "Yaandike." Nikaandika: nilishuhudia ofisa husika akipokea bahasha kutoka kwa mwanafunzi husika. Nikatia saini na tarehe. Mwandiko wangu mzuri, wote wanausifu.

Tukashuka pamoja. Wenzetu wa dirishani wakaacha kazi. Mama Halisi alikuwa ameshakaa mezani.

"Dada, fungua droo," mkuu akasema.

Akafungua. Akalitoa faili mwenyewe, akaliweka juu ya meza.

"Limefikaje humo?"

"Nimeliweka mimi. Nipe mpaka kesho jioni."

"Kesho kuna nini?"

"Idara yao inakaa kikao. Wanamwongezea somo la tano. Muda wa kuongeza umepita, lakini mkuu wa idara ana mamlaka ya kuruhusu kwa sababu maalumu. Mwalimu wa takwimu ameandika kwamba yeye ndiye aliyempotosha. Hospitali imeandika. Akiruhusiwa kesho, atakuwa na masomo matano na hana kosa. Akigongewa mhuri leo, somo la tano halimsaidii kitu."

"Kwa hiyo ukaficha faili."

"Ndiyo, nikaficha faili."

"Na bahasha?"

Akaufungua mkoba, akatoa bahasha ya kaki, akaimimina yote mezani. Karatasi tu, hakuna hata noti moja. Barua ya mwalimu, barua ya daktari wa wodi, barua ya maombi ya binti, cheti cha kulazwa mama yake. Mkuu akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akaziangalia moja moja. Zote zilikuwa nakala. Zile zenye wino zilikuwa zimeshapelekwa idarani.

Mkuu akauliza, bila kejeli yoyote, kwa sababu ndilo swali tulilolizoea katika ofisi ile, "Halisi ziko wapi?"

Hakuna aliyecheka. "Ziko idarani, kwa kikao cha kesho," Mama Halisi akasema. Mimi nilijiambia, za kughushi hizo, na nilijiona mwerevu sana. Mkuu akaagiza mhuri uletwe. Akaugonga palepale, juu ya meza ya Mama Halisi, juu ya picha ya yule binti: IMESIMAMISHWA. Kisha akamwambia Mama Halisi aende nyumbani akasubiri barua. Mama Halisi akachukua sweta lake, akanipita bila kuniangalia.

Ijumaa saa tisa na nusu binti akaja mbio, koti la maabara limefunguka, jasho usoni, anacheka. Dirishani nilikuwa nimekaa mimi, nimeshikilia nafasi. Akapitisha karatasi chini ya kioo. "Kaka, mpe yule mama. Mwambie wamekubali wote, hakuna hata mmoja aliyepinga!"

Nikaipapasa kwa kidole gumba. Wino wa bluu, umechimba karatasi. Mhuri wa idara, bado una unyevu. Somo la tano limeruhusiwa.

Nikapanda ngazi mbili mbili. Mkuu akaisoma barua mara ya kwanza, akaisoma mara ya pili, akavua miwani kabisa na kuiweka mezani.

"Futa, mkuu," nikamwambia. "Ule mhuri ufutwe. Kumbe ilikuwa kweli."

"Naona kwamba ilikuwa kweli."

"Sasa si ufute?"

Akalifungua faili, akanigeuzia. Ukurasa wa juu kabisa ulikuwa ni maelezo yangu. *Nilishuhudia akipokea bahasha.* "Nikifuta leo," akasema taratibu, "kesho mkaguzi akisoma hii atasema bahasha ilipanda mpaka ghorofani. Ndani yake kulikuwa na nini, nani ataamini? Mimi nina watoto, Kabati. Hili sasa ni la kamati ya rufaa."

Kamati ya rufaa hukaa baada ya mitihani. Na asiye na ufadhili hajalipiwa ada, na asiyelipiwa ada haingii chumba cha mitihani wala hana kitanda bwenini. Kwa hiyo rufaa ingemkuta binti ameshaahirisha mwaka, na anayeahirisha mwaka anaomba ufadhili upya, mwisho wa foleni, pamoja na walioanza jana. Kanuni hizo nazijua kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza nilitamani nisizijue.

Jumapili nikaenda kwa Mama Halisi. Nikasikia kufuli ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akafungua mume wake. "Karibu shemeji," akasema, na sura yake ikaniambia kwamba anajua. Mama Halisi alikuwa mezani anachambua mchele, anautandaza kwenye sinia na kuondoa vijiwe. Hakuniambia nikae, nikakaa.

"Alikuja kuniuliza, Kabati," akasema. "Wiki ya tatu. Aliuliza swali zuri kuliko wote waliouliza mwaka huu, na mimi nikamfukuza kwa mdomo wangu. Ningemjibu kwa neno moja angekuwa na masomo matano mpaka leo."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nikwambie wewe?" Akaninyanyulia macho. "Nilijua utakwenda kusema."

"Nisingesema, dada. Ungeniambia ukweli, nisingesema."

Akaendelea na mchele wake. Kijiwe kimoja, kingine. "Labda," akasema.

Nilitaka kuapa, lakini kwa nini aniamini? Nilikuwa nimeshakwenda kusema. Nikaomba radhi. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe, na mimi sikudai.

Barua ilipotoka hakufukuzwa. Alihamishiwa ghala la vitabu vya mitihani ya zamani, chini kabisa, chumba kisicho na dirisha wala mwanafunzi. Meza yake nikapewa mimi. Hongera nilizipokea kwa kuinamisha kichwa, na wenzangu wakadhani ni unyenyekevu.

Wiki iliyofuata binti akaja na fomu ya kuondoka. Kila anayeahirisha mwaka lazima akusanye saini: maktaba, bweni, maabara, na mwisho kwetu. Zote alikuwa ameshazipata, ilibaki yangu. Koti jeupe hakuwa nalo, alikuwa ameshalirudisha. Nikamuuliza mama yake anaendeleaje. Akasema ametoka wodini lakini hajaweza kuinama, kwa hiyo ufagio wa hospitali atashika yeye mpaka mwakani, wamemkubalia.

"Utarudi," nikamwambia.

"Nitarudi, kaka. Nitaomba upya." Akasita, akasogea karibu na kitundu cha kioo, akapunguza sauti. "Yule mama wamemwonea. Alinisaidia bila hata kuniomba soda. Wanasema kuna mtu wa humuhumu ndani alimchongea. Ni kweli?"

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Nilimwangalia usoni, na nilijua jibu, na nilijua kwamba nikilisema sasa nitabaki angalau na kitu kimoja safi. Lakini niliona aibu na woga, vyote viwili.

"Ni kweli," nikasema. "Hapa ofisini, mdogo wangu, watu hawaaminiki."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. Nikatia saini, nikampa fomu yake. Akaikunja vizuri, kisha akachana kipande cha karatasi kwenye daftari lake, akaandika namba ya simu na kuipitisha chini ya kioo.

"Bora wewe upo," akasema. "Mtu yeyote akiligusa faili langu, kaka, naomba unijulishe."